Homoni ya ukuaji na kiwele cha ng'ombe: mjadala ulioanzia mahali pasipo pake

Novemba 1993, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha sindano ya kuongeza maziwa, yenye homoni ya ukuaji ya ng'ombe inayotengenezwa maabara kwa kutumia bakteria, na Februari 1994 kampuni ya Monsanto ikaanza kuiuza kwa jina la Posilac. Januari 1999 Kanada ikaikataa, na kabla mwaka huo haujaisha Umoja wa Ulaya nao ukaamua kuipiga marufuku. Wengi huamini kwamba nchi hizo zilitofautiana kuhusu usalama wa mnywaji wa maziwa. Kwa maoni yangu mjadala ulipotea njia hapo, kwani jambo lenye uzito limo ndani ya kiwele chenyewe.

Wingi wa maziwa hutegemea mambo mawili: idadi ya seli zinazoyatengeneza, na kiasi ambacho kila seli hutoa. Wakati wa mimba homoni tatu hufanya kazi: estrojeni hurefusha mifereji ya kiwele, projesteroni husitawisha vifuko vya maziwa, na prolaktini huziandaa seli kwa kazi. Baada ya ng'ombe kuzaa, maziwa hupanda kwa wiki chache hadi kilele, kisha hupungua polepole, na sababu kubwa ya kupungua huko ni kwamba seli zinazokufa huzidi zile mpya zinazozaliwa. Sindano hiyo, inayodungwa kila baada ya siku 14 kuanzia takriban wiki ya tisa baada ya kuzaa, huingilia mahali hapo hasa: mteremko hupungua ukali, na maziwa huongezeka kwa asilimia 10 hadi 15, ilimradi ng'ombe ameshiba.

Cha kushangaza ni kwamba homoni yenyewe haielekei kufanya kazi kubwa kwenye kiwele moja kwa moja. Watafiti walipoiingiza katika mshipa unaopeleka damu kwenye kiwele cha kondoo, maziwa hayakuongezeka. Lakini kichocheo cha ukuaji kiitwacho IGF-1 kilipoingizwa kwa njia kama hiyo kwa mbuzi, yaliongezeka. Kwa hiyo homoni huliamsha ini litoe IGF-1, na wakati huohuo huuelekeza mwili upeleke virutubisho kwenye kiwele badala ya kuvihifadhi kama mafuta.

Hofu ya wapinzani ilizaliwa na IGF-1 hiyo. Muundo wake kwa ng'ombe na kwa binadamu ni uleule, haiharibiwi na joto la kawaida la kusindika maziwa, na uchunguzi uliochapishwa 1998 ulionyesha kwamba wanawake ambao hawajakoma hedhi, wenye IGF-1 nyingi katika damu, walipata saratani ya matiti zaidi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana kichocheo kinachozifanya seli za kiwele ziishi muda mrefu kinaweza kuzisaidia pia seli ambazo zingepaswa kufa. Watetezi hujibu kwamba IGF-1 ni protini, hivyo sehemu kubwa humeng'enywa tumboni, na kwamba kiasi kilichomo katika glasi ya maziwa ni kidogo sana kikilinganishwa na kile ambacho mwili wa mtu hujitengenezea kila siku. Homoni ya ng'ombe yenyewe haifanyi kazi kwa binadamu kabisa. Jambo hilo lilijulikana tangu miaka ya 1950, madaktari walipowapa homoni hiyo watoto waliodumaa na hawakurefuka. Katika suala la mnywaji, naona watetezi wana hoja yenye nguvu zaidi.

Upande wa ng'ombe mambo ni tofauti. Kanada iliunda majopo mawili: lililochunguza afya ya binadamu halikuona hatari kubwa, lakini jopo la madaktari wa mifugo lilikuta kwamba hatari ya ugonjwa wa kiwele huongezeka kwa takriban asilimia 25, ya kuchechemea kwa takriban asilimia 50, na ya kushindwa kushika mimba kwa takriban asilimia 40. Watetezi walidai kwamba ng'ombe yeyote mwenye maziwa mengi huugua kiwele zaidi, na kwamba ukipiga hesabu kwa kila lita tofauti hufifia. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mwenye kiwanda. Ng'ombe, hata hivyo, haugui kwa lita. Zaidi ya hayo, kiwele kinachougua hutibiwa kwa viuavijasumu, yaani dawa za kuua bakteria, ambavyo mabaki yake yanaweza kuingia katika maziwa, na hapo afya ya mnywaji hurudi mezani kwa mlango ambao wachache walikuwa wakiutazama.

Kilichoififisha sindano hiyo Marekani hakikuwa matokeo ya jopo la mifugo. Maduka makubwa na wasindikaji walianza kudai maziwa ya ng'ombe wasiodungwa, na mwaka 2008 Monsanto ikaiuza biashara hiyo kwa kampuni ya dawa ya Eli Lilly. Wanunuzi walikuwa wakiogopea miili yao wenyewe, na hofu hiyo, ambayo ushahidi wake ulikuwa dhaifu kuliko ule wa ng'ombe, ndiyo iliyomwokoa ng'ombe.