Anayemuuguza mzee naye anahitaji mshahara

Hapa Birmingham, Uingereza, natunza wazee, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa kusahau, demensia, na nalipwa kwa saa. Kule Busia, Uganda, mpakani na Kenya, dada yangu anafanya kazi ileile kwa mama yetu, usiku na mchana, bila malipo ya serikali wala ya mwajiri. Ilimbidi afunge kibanda chake cha mitumba, kwa sababu mama akiachwa peke yake hutoka, akaelekea mpakani katikati ya malori, asijue anakwenda wapi.

Uingereza imekuwa na posho ya mlezi tangu 1976. Mwanzoni mwanamke aliyeolewa hakupewa, kwa hoja kwamba yeye hushinda nyumbani tu. Jacqueline Drake, aliyeacha kazi ili amtunze mama yake, alidai haki yake mpaka Mahakama ya Ulaya ikampa mwaka 1986. Na kwetu bado tunasikia, "Si yupo tu nyumbani?"

Posho yenyewe ni ndogo. Mwaka 2025 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, kwa anayeuguza saa 35 au zaidi. Haifiki pauni 2.50 kwa saa, na kima cha chini cha mshahara kilikuwa 12.21. Mwaka huo aliyefanya kibarua akapata zaidi ya pauni 196 kwa wiki, hata kwa kidogo, aliikosa yote. Wako walezi waliopita kikomo bila kujua, wakadaiwa kurudisha maelfu ya pauni. Hilo ni dhuluma. Hata hivyo serikali inatambua kwamba mlezi yupo, na miaka anayouguza inahesabiwa katika pensheni yake.

Uganda tuna pesa za serikali kwa wazee, SAGE: shilingi 25,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 80. Sizibezi. Kijijini zinaleta sukari, sabuni, na nauli ya boda kwenda zahanati. Lakini mama yetu hajafika umri huo, na ugonjwa huu haungoji themanini. Hata akifika, pesa ni za mzee, anayemuuguza hatajwi. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama aliyejifungua siku 60 za kazi, na baba siku 4. Likizo ya kumuuguza mzazi haimo. Na mwenye kibanda sokoni, hata ingekuwemo, angeiomba kwa nani?

Naona Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ingeweza kuanzia hapa: daktari akithibitisha demensia, mgonjwa aingizwe SAGE bila kujali umri, na fungu lingine liandikwe kwa jina la anayemuuguza. Njia ya kulipa ipo tayari.

Sisi tulio nje tusingoje Bunge. Katika familia yetu tumetenganisha: pesa za dawa na pampasi zina fungu lake, na dada ana mshahara wake wa kila mwezi, ambao haulizwi ameutumiaje. Shangazi hakupenda. Alisema mtoto halipwi kwa kumtunza mamake. Namheshimu shangazi yangu, lakini dada ana watoto shuleni, na karo ya muhula lazima ilipwe. Tukituma kwa simu tunaongeza gharama za kutolea na ile kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya pesa zinazotolewa kwa simu, ili mshahara wake umfikie kamili.