Majambazi wa deraya ya kioo: Oblivion na lawama iliyokosea mlango

Shtaka dhidi ya The Elder Scrolls IV: Oblivion lina umri sawa na gemu yenyewe, iliyotoka Machi 2006. Mnyang'anyi anakusimamisha barabarani. Amevaa deraya ya kioo kuanzia kofia hadi buti, mali ya maelfu ya sarafu, halafu anakudai sarafu 100. Kisa hicho kimetumika kwa karibu miaka 20 kuthibitisha hoja moja: kwamba kumpandisha adui leveli sambamba na mchezaji ni kosa la usanifu lisilo na utetezi.

Walalamikaji hawajatunga. Vifaa vya Daedric, yaani silaha na deraya za daraja la juu kabisa, ambavyo Morrowind ya 2002, gemu iliyotangulia katika mfululizo huu, ilivifanya kuwa adimu kwelikweli, katika Oblivion vinaanza kumwagika kuanzia leveli ya 20, na majambazi wa mapangoni wanavivaa kama sare. Mbwa mwitu wanatoweka msituni, nafasi yao inashikwa na minotaur. Ile raha ya kurudi mahali palipokushinda ukiwa mnyonge, safari hii ukiwa mbabe, karibu haipo, kwa sababu wenyeji wa mahali hapo nao wamekua. Anayesema dunia ya namna hiyo haina kumbukumbu ana haki yake.

Ila tazama kilichonunuliwa kwa bei hiyo. Ukitoka kwenye mfereji mwanzoni mwa safari, magofu ya Vilverin yako ng'ambo ya maji mbele yako, na hakuna upande wa dira uliofungwa. Miji ipo kila upande: Anvil magharibi, Leyawiin kusini, Bruma kaskazini. Kazi za chama cha wapiganaji, za wachawi, za wezi na za Dark Brotherhood, chama cha wauaji wa kukodiwa, unazianza kwa mpangilio wowote, na popote unapoanzia unakuta upinzani wa kadiri yako. Ramani ambayo kila pango lina leveli iliyopigiwa misumari inatoa uhuru wa mdomoni tu. The Witcher 3 ya 2015 ina ramani kubwa na inasifiwa kwa haki, lakini adui aliyekuzidi mno anawekewa fuvu karibu na jina lake, nawe unageuza farasi. Ukichelewa kufanya kazi ya leveli ya chini, malipo yake ya uzoefu yanabaki makombo. Kwa hiyo wengi huifuata kwa mpangilio ule ule uliotandikwa na waundaji, wakiamini wanazurura. Oblivion haikutandika mpangilio wowote, na hiyo ndiyo sehemu inayosahaulika kila kisa cha mnyang'anyi kinaporudiwa.

Kwa nini basi mchezaji wa leveli ya 20 anahisi ameadhibiwa kwa kukua? Ukifuatilia lalamiko hilo hadi mwisho, mara nyingi unafika kwenye hesabu za kupanda leveli za mchezaji mwenyewe, wala si kwenye orodha ya maadui.

Mhusika ana stadi 21, na kati ya hizo anachagua 7 ziwe kuu. Stadi kuu zikipanda jumla ya hatua 10, anastahili leveli mpya, ambayo anaipata akilala kitandani. Akiamka anaongeza sifa tatu kati ya nane, na kiasi cha nyongeza kinategemea stadi zilizo chini ya sifa hiyo zimepanda hatua ngapi tangu leveli iliyopita. Bila hatua yoyote anapata 1. Hatua 1 hadi 4 zinampa 2, hatua 5 hadi 7 zinampa 3, hatua 8 au 9 zinampa 4, na 10 au zaidi zinampa 5. Bahati peke yake haina stadi zake, kwa hiyo haizidi 1.

Piga hesabu. Ili upate 5 katika sifa tatu unahitaji hatua 30. Stadi kuu zinakupa 10 tu kabla leveli haijabisha hodi. Zile 20 zilizobaki lazima zitoke kwenye stadi ndogo, yaani zile ulizotamka mwenyewe, ulipokuwa ukiunda mhusika, kuwa si fani yako. Anayecheza kwa moyo mweupe, mpiga upanga anayepiga upanga, anatoka na 2 hapa na 3 pale. Anayepata 5 kila mara ni yule aliyeweka karatasi kando ya kibodi na kuhesabu.

Tofauti hiyo inauma zaidi kwenye ustahimilivu. Uhai wa msingi ni ustahimilivu mara mbili, na unapanda pamoja nao. Halafu kila leveli inaongeza sehemu moja ya kumi ya ustahimilivu ulio nao wakati huo, na sehemu hiyo haifidiwi kwa leveli zilizopita. Chukua wahusika wawili wanaoanza na ustahimilivu wa 40, yaani uhai wa 80. Wa kwanza anaongeza 5 kila leveli hadi afike 100, jambo linalomchukua leveli 12. Akifika leveli ya 20 ana uhai wa karibu 350. Wa pili haugusi ustahimilivu kabisa, kwa kuwa ni mchawi au mwizi na hakuna kitu kwenye skrini kilichomwambia auguse. Leveli ya 20 inamkuta na uhai wa karibu 155. Hao wawili wanaingia pango lile lile na kukutana na jambazi yule yule. Mmoja atasema gemu imekaa vizuri, mwingine ataandika kwamba mfumo wa maadui umeharibu kila kitu. Jambazi hakubadilika.

Sasa ongeza fani zilizotayarishwa na gemu yenyewe. Stadi kuu za Mwizi ni sarakasi, deraya nyepesi, upinde, biashara, kufungua kufuli, kunyemelea na kusema na watu. Kati ya saba, ya kuua ni upinde peke yake. Mwizi huyo akirukaruka njiani, akiuza ngozi na kubembeleza wenye maduka, anapanda leveli. Na kila leveli anayoipata dukani inamletea adui mzito zaidi msituni. Adui hana mtihani wa aina hiyo. Leveli ikipanda anachukua mgao wake kamili bila kuulizwa alikuwa akifanya nini. Mizani iliinama hapo: upande mmoja unakua wenyewe, mwingine unakua kwa masharti yaliyofichwa.

Ndiyo maana ushauri maarufu wa wakongwe ulikuwa wa kichekesho: weka kwenye stadi kuu mambo usiyoyatumia, ili usipande leveli bila kutaka. Yaani ujiite mchawi kisha ushike rungu. Na ndiyo maana inawezekana kumaliza hadithi nzima ukiwa leveli ya 1, kwa kutolala tu. Milango ya Oblivion, inayotoka kwenye ulimwengu wa mashetani, inatoa zaidi Scamp dhaifu badala ya mashetani wakali kama Clannfear, na mji wa Kvatch unakombolewa bila jasho jingi.

Hitilafu halisi za programu, ambazo zipo tele, zimesamehewa kwa urahisi wa ajabu. Burashi za rangi zinaning'inia hewani na watu wanazipanda kama ngazi. Ukitumia hati za uchawi za aina moja kwa namna fulani kisha ukaangusha kitu kingine, kinazaliana. Vazi likitiwa uchawi wa kinyonga kwa jiwe la roho kuu linapata asilimia 20, hivyo mavazi matano yanafika 100 na hakuna adui atakayekuona tena. Baya kuliko hayo ni lile la mafaili ya muda mrefu, zaidi ya saa 200, ambapo milango na miali ya moto inaanza kwenda polepole. Hilo lilihitaji dawa kutoka kwa mashabiki.

Bethesda, waundaji wenyewe, walisahihisha kwa namna inayounga mkono utetezi huu. Skyrim ya 2011, gemu iliyofuata katika mfululizo, ilifuta sifa nane zote. Ukipanda leveli unaongeza 10 kwenye uchawi, uhai au stamina, basi. Maadui waliendelea kufuata leveli ya mchezaji, ila maeneo yakawekewa viwango vya chini na vya juu. Kisha likaja toleo la Oblivion lililotengenezwa upya pamoja na studio ya Virtuos, Aprili 2025. Maadui bado wanapanda nawe. Kilichobadilishwa ni hesabu: sasa kila leveli inatoa pointi 12 za kugawa kwenye sifa tatu, zisizozidi 5 kwa kila moja, bahati ikigharimu 4 kwa pointi, na stadi ndogo nazo zinachangia leveli. Malalamiko makubwa ya ugumu yaliyofuata yalihusu pengo kati ya ngazi ya ugumu ya Adept na ile kali zaidi ya Expert, ambalo ni pana mno kwa kweli, lakini hilo ni suala la namba za madhara. Mchezaji wa Adept anayepanda na mwizi wake hakuti tena ule ukuta wa leveli ya 20.

Hatia inayobaki kwa mfumo wa maadui ni ndogo lakini ni ya kweli. Baadhi ya viumbe, goblin mkuu wa vita akiwamo, wanaendelea kukua bila dari, wakati mchezaji anagonga 100 kwenye sifa na silaha zake zinaishia Daedric. Kupigana nao leveli za juu ni kukata mti kwa kijiko. Halafu kuna zawadi zinazoganda. Chillrend, upanga ambao Valus Odiil wa Chorrol anautoa wanawe wote wawili wakinusurika vitani, una nguvu za leveli uliyokuwa nayo siku hiyo, na haupandi tena. Anayewaokoa mapema, yaani anayeitumia gemu jinsi ilivyomwalika, anaondoka na toleo hafifu milele. Hilo halitetewi na hesabu yoyote.

Kwa anayeirudia ya 2006 bila modi, yaani bila marekebisho ya mashabiki, mpango unaofanya kazi ni huu. Usiweke stadi zote tatu za sifa moja kwenye kuu. Acha angalau mbili kati ya uhunzi, kukinga na deraya nzito ziwe ndogo, kwa kuwa hizo ndizo za ustahimilivu. Kila leveli nunua mafunzo matano unayoruhusiwa, kwa sababu yanahesabiwa kwenye nyongeza. Hatua nyingine tano zipate kwa nyundo za kurekebishia deraya yako mwenyewe baada ya kila pango. Ukifika ustahimilivu wa 100, mapema iwezekanavyo, tupa karatasi ucheze.