Kimeng'enya si vitamini

Mahindi yalipopanda bei, niliwachanganyia kuku wangu wa nyama chenga za ngano. Haikupita muda maranda yakaanza kunata. Nikamshika kuku mmoja nikamgeuza: kinyesi kimegandia manyoya ya chini ya mkia, nyayo zimebabuka, na amonia inanitoa machozi. Nikaambiwa ni ugonjwa, nikanunua dawa. Dawa haikusaidia kitu.

Tatizo lilikuwa ngano yenyewe. Ina nyuzi ziitwazo arabinozailani, na baadhi yake zikilowa tumboni huvuta maji zikawa utelezi kama mlenda. Wanga na protini hunasa humo, hutoka bila kumfaa kuku, kwa sababu mwili wake hautengenezi kimeng'enya, yaani protini ya kuvunjavunja chakula, cha kuzikata nyuzi hizo. Kimeng'enya kiitwacho zailanesi ndicho huzikata, na mlenda ule ukawa mwepesi. Magharibi mwa Kanada, Uingereza na Australia, ambako ngano ndiyo nafaka kuu ya kuku, kuitia kwenye chakula ni jambo la kawaida.

Kinachoniudhi ni jinsi tunavyouziwa. Duka moja walinipa pakiti iliyoandikwa "vimeng'enya" tu. Nikauliza, vimeng'enya gani? Jibu likawa, "Weka, watakua." Hapana. Zailanesi ni ya ngano, beta-glukanesi ni ya shayiri, na fitesi kazi yake kubwa ni kuifungua fosforasi iliyofungwa kwenye nafaka na mashudu. Anayelisha mahindi na soya hatapata kwa zailanesi faida anayoipata mwenye ngano. Na chakula kilichooza hakirekebishwi na kimeng'enya chochote. Mfugaji anatoa pesa ya ada ya mtoto pale kaunta. Ana haki ya kusoma jina la kimeng'enya na kiwango chake.

Kuna na suala la joto. Kimeng'enya ni protini. Mvuke wa mashine ya peleti, ile inayoshindilia chakula kuwa punje, ukivuka nyuzi joto 80 za Selsiasi unaweza kukiua, isipokuwa kiwe kimetengenezwa kustahimili. Mimi nachanganya unga, kwa hiyo shida yangu ni kusambaza gramu chache ndani ya magunia. Naanza na kilo moja ya paraza, nachanganya hadi mkono uchoke, naongeza tano, halafu ishirini, ndipo namwaga kwenye rundo.

Kundi lililofuata nililitilia zailanesi, lakini nilipunguza na ngano pia, kwa hiyo sifa zote siipi zailanesi. Lakini wiki ya nne nilipochota maranda chini ya vyombo vya maji, mahali panapoloa kuliko pote, yalimwagika kutoka kwenye koleo yakiwa makavu.