Goma: uvumi unakimbia, wenye kujua wako kimya

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, anga la Goma, mashariki mwa Kongo, lilipogeuka jekundu, watu walishika simu kabla ya kushika mizigo. Kwenye makundi ya WhatsApp zilipita sauti zisizo na wenyewe, kila moja ikitaja mahali pengine ambapo lava ya volkano ya Nyiragongo ilikuwa imefika. Wengine walikimbilia Gisenyi, wengine Sake, na njiani bado walikuwa wakisikiliza sauti hizo.

Tangu hapo nimesikia watu ninaowaheshimu wakisema makundi hayo yadhibitiwe, na siku za hatari mtandao ukatwe kabisa. Hoja yao siipuuzi. Katika mji uliochoshwa na vita, ujumbe mmoja unaomwita kijana mpelelezi unaweza kumtoa roho kabla hajaulizwa jina. Redio ina mhariri, ina mlango wa kugonga, na ikikosea leo inaweza kujisahihisha kesho saa ileile. Sauti ya WhatsApp haina wa kuirudisha. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, inatusemesha kwa Kiswahili tangu Februari 2002, na heshima yake imelipiwa kwa damu ya waandishi wake: Serge Maheshe aliuawa Bukavu Juni 2007, Didace Namujimbo akauawa mji huohuo Novemba 2008.

Hata hivyo redio nayo ina njaa yake. Waandishi wengi wa redio ndogo wanaishi kwa coupage, ile bahasha anayotoa mwenye mkutano ili habari yake ipite. Simlaumu baba wa watoto asiye na mshahara, lakini habari iliyolipiwa na mhusika haiwezi kuwa dawa ya uvumi.

Na usiku ule redio ingesema nini? Ufadhili mkubwa wa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kabla ya mlipuko wataalamu walikosa hata intaneti ya kupokea takwimu za mitambo yao mlimani. Hapo ndipo ninapoachana na wanaotaka kukata mtandao. Sisi wenye mega, yaani bando la intaneti, tulikuwa tunatumiana uvumi, na waliopewa kazi ya kuulinda mji dhidi ya mlima walikuwa wamekaa miezi bila mega. Jambo hilo linaniumiza hadi leo.

Tazama kilichotokea siku tano baadaye. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kuna magma chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu, akaamuru kata kumi zihamwe. Watu kwa mamia ya maelfu wakaondoka. Mtu mwenye jina na cheo aliposema wazi hatari iko wapi, Goma ilisikia, na simu zilezile zikaeneza tangazo lake.

Kukata mtandao tumekwisha kukuonja. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilizima intaneti nchi nzima kwa siku zipatazo ishirini, ikisema inazuia matokeo ya uongo. Uvumi haukuzimika, ulirudi sokoni na kwenye pikipiki. Kilichozimika ni kazi. Mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hupokea oda kwa WhatsApp kabla samaki hawajafika, na motari, dereva wa pikipiki ya abiria, huitwa na wateja wake kwa njia hiyohiyo. Kutuma pesa kwa kubonyeza namba hakuhitaji intaneti, ni kweli, lakini biashara inayozaa pesa hiyo inaihitaji. Na benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu aliyekaa chini ya mwavuli ndiye aliyekuwa benki yetu. Noti zilipoadimika, wapo mawakala waliokata kiasi cha kuumiza kwa kila anayetoa pesa. Hilo linastahili kukemewa, tena kwa sauti, ila kumnyang'anya mama wa sambaza wateja wake hakumpunguzii wakala tamaa.

Ningependa wataalamu wa volkano watume sauti ya dakika moja kila asubuhi, kwa Kiswahili cha hapa Goma, iingie kwenye makundi yaleyale ya WhatsApp na isomwe redioni: jina la anayesema, saa, na hali ya mlima leo. Hata siku ambayo mlima umetulia, waseme umetulia.