Kubadili Kidhibiti cha Lethi Kuukuu ya CNC: Lini Inafaa, Lini Haifai

Lethi ya CNC ya miaka ya 1980, yaani mashine ya kukereza chuma inayoongozwa na kompyuta, haizeeki yote kwa pamoja. Bedi (msingi wenye reli za kutelezea zana), spindo (mhimili unaozungusha kipande kinachokatwa) na skrubu za gololi (zinazosogeza zana), zikipata mafuta ipasavyo, huweza kudumu na usahihi wake kwa miongo mingi, ilhali kidhibiti, yaani kompyuta inayoiamrisha mashine, hutangulia kufa: kapasita hukauka, na betri ya kumbukumbu ikiisha, vigezo vya mashine hufutika vyote. Ndiyo hali ya lethi kama Hardinge CHNC, mashine ndogo ya kazi za usahihi iliyotengenezwa Elmira, New York, ambayo, skrini yake ikishazimika, huonekana haina thamani, hata kama chuma chake bado ni kizima.

Wanaopendelea kubadili kidhibiti wana hoja nzito. LinuxCNC, programu iliyochipuka kutokana na kazi ya NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya serikali ya Marekani, katika miaka ya 1990, haina ada, nayo huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida iliyounganishwa na kadi ya mashine. Draiva nyingi za sevo za enzi hizo (vifaa vinavyolisha umeme mota zinazojirekebisha kwa kupima mwendo wake) hupokea amri ya kasi kwa volti, kuanzia −10 hadi +10, na zipo kadi za leo zinazotoa volti hizo hizo. Kwa hiyo mota na draiva zilizo hai hazina sababu ya kung'olewa. Kung'oa kila kitu na kufunga mota za stepa (zinazosogea hatua kwa hatua) zilizo dhaifu kuliko zile zilizotupwa ni hasara ya kujitakia.

Hata hivyo, kidhibiti kipya si lazima kiwe bora. Katika ukataji wa nyuzi za skrubu, kidhibiti cha bei nafuu kinachopokea mpigo mmoja tu kwa kila mzunguko wa spindo hukisia kinachotokea katikati, na spindo ikilemewa pale kisu kinapoingia, pichi (umbali kati ya uzi na uzi) huharibika. LinuxCNC, ikipewa enkoda kamili ya spindo (kifaa kinachopima imezunguka kiasi gani), huisogeza zana kwa kufuata mahali spindo ilipo hasa, hata kasi ikishuka.

Wanaopinga nao husema jambo ambalo wapenda elektroniki hulipuuza. Mantiki ya tareti (kichwa kinachobadilisha visu), ya pampu ya mafuta na ya chaki (kinachobana kipande kinachokatwa) inapaswa kuandikwa upya, na anayeielewa baadaye huwa ni yule yule aliyefunga nyaya. Akiondoka bila kuacha michoro, karakana inabaki na mashine isiyo na wa kumpigia simu. Kwa karakana yenye mikataba ya kila wiki, naona kutengenezesha bodi ya kidhibiti cha awali ni busara zaidi, hata gharama ikiwa kubwa.

Wala bodi mpya haiponyi bedi iliyolika. Programu inaweza kufidia uchezaji wa skrubu (ulegevu wake inapogeuza mwelekeo), lakini aghalabu skrubu hulika zaidi katikati kuliko kwenye ncha, hivyo namba moja ya fidia haitoshi kwa urefu wote.

Kabla ya kununua kadi yoyote, basi, spindo ipimwe kwa geji ya saa (kipimo cha mshale kinachoonyesha kama inayumba). Kisha draiva ijaribiwe, mota ikiwa imetenganishwa na skrubu na kitufe cha dharura kikikata umeme wa draiva moja kwa moja bila kupitia kompyuta: betri kavu ya volti 1.5 ikiunganishwa kwenye ingizo la amri, mota inapaswa kuzunguka polepole bila kusitasita, na kugeuza mwelekeo betri inapogeuzwa.