Maaskofu waliokwenda mahakamani kuzuia somo la uumbaji

Kila ishu ya kufundisha uumbaji shuleni ikiibuka utasikia Marekani walimfukuza Mungu shuleni, majaji wasioamini walijifungia wakaamua watoto wasiambiwe dunia iliumbwa. Mi mwenyewe nilikuwa nachukulia hivyo hivyo mpaka nilipokaa nikasoma hukumu ya kesi ya 1982 ya Arkansas, moja ya majimbo ya Marekani, na kilichonishika hata sio sheria, ni orodha ya walalamikaji pale mwanzoni.

Askofu wa Methodist yumo. Askofu wa Episcopal, ndio Waanglikana wa kule, yumo. Wa Katoliki yumo, wa AME lile kanisa la Wamarekani weusi yumo, kiongozi mkuu wa Presbyterian pale jimboni yumo, na wachungaji wengine wakiwemo wa Southern Baptist ambao huwezi kuwaita waliberali hata kidogo. Halafu ndio unakuta taasisi za Wayahudi, wazazi, na mwalimu mmoja wa baiolojia wa sekondari. Kesi yenyewe inaitwa kwa jina la mchungaji, McLean. Sasa hao ndio wamemfukuza Mungu?

Kilichowapeleka kortini ni Sheria namba 590 ya Machi 1981: shule ya serikali ikifundisha evolusheni, yaani viumbe vilitokana na vingine kwa kubadilika taratibu, basi iipe na "sayansi ya uumbaji" uzito ule ule. Gavana Frank White aliisaini, ikaja kujulikana hata hakuisoma vizuri, na mchora katuni wa pale Arkansas, George Fisher, hakumwachia, akawa akimchora ameshika ndizi iliyoliwa nusu, kama nyani.

Tusiwadharau waliotaka sheria hii lakini, maana wana hoja ya kweli. Wabunge walichaguliwa, shule zinaendeshwa kwa kodi za hao hao wazazi, na mwaka ule ule wa hukumu, 1982, Gallup, kampuni ya kura za maoni, waliuliza Wamarekani wakakuta asilimia 44 wanaamini Mungu alimuumba binadamu kama alivyo sasa, ndani ya miaka elfu kumi hivi. Karibu nusu ya nchi! Halafu jaji mmoja ambaye hakupigiwa kura na mtu anasema hapana. Inauma, na ingekuwa mtoto wangu anarudi nyumbani na daftari linalopingana na nilichomfundisha ningeumia pia. Na kwa msomaji wa huku inashangaza zaidi, aliyesoma baiolojia ya Form Four Kenya anajua uumbaji umo kwenye mada ya asili ya uhai, unaukariri, unajibu mtihani, maisha yanaendelea.

Ila hiyo 44 mi nimeizungusha kichwani sana na kila mara narudi kwenye swali moja, uumbaji upi? Maana Sheria 590 haikusema tu Mungu ndiye muumba, hilo yule askofu wa Katoliki analitamka kila Jumapili. Yenyewe ilitaja vitu kwa orodha: ulimwengu ulitokea ghafla kutoka pasipo kitu, viumbe havibadiliki nje ya mipaka ya aina zao, kulikuwa na gharika ya dunia nzima, na dunia haina umri mkubwa. Hiyo ni namna moja ya kusoma kitabu cha Mwanzo, ya makanisa fulani, makanisa mengine yanakisoma vingine kabisa na bado ni ya Kikristo. Kwa hiyo serikali ikipitisha orodha ile imeshamwambia mtoto wa Methodist kwamba mchungaji wake hajui kusoma Biblia. Hapo ndipo lile Rekebisho la Kwanza la Katiba ya Marekani, la 1791, linapoingia, serikali isianzishe dini wala isizuie mtu kuabudu. Aliyefungwa mkono ni serikali. Shule ya Jumapili haikuguswa, mtoto kusali kimoyomoyo kabla ya mtihani haikuguswa, na tangu 1963 Mahakama Kuu ya Marekani, ile ya juu kabisa, ilishasema Biblia inaweza kusomwa darasani kama historia na fasihi.

Na jimbo lenyewe lilijimaliza kwa shahidi wake. Walimleta mwanasayansi Chandra Wickramasinghe ambaye kweli alikuwa anapinga Darwin, baba wa nadharia ya evolusheni, ila yeye anaamini uhai uliletwa na nyotamkia (kometi) kutoka angani, na alipobanwa akasema hakuna mwanasayansi mwenye akili timamu atakayekubali dunia ina umri chini ya miaka milioni. Shahidi wenu huyo, jamani. Jaji William Overton aliifuta sheria Januari 5, jimbo halikukata rufaa.

Sheria inayofanana nayo ya Louisiana ndiyo ilifika Mahakama Kuu, ikafutwa 1987 kwa kura 7 kwa 2. Jaji Scalia alipinga akisema huwezi kuua sheria kwa kuchungulia mioyo ya wabunge, na kwa hilo simlaumu, kujua nia ya watu mia na zaidi ni kazi ngumu. Ndio maana naona hukumu ya Overton ni imara kuliko ile ya 1987, ushahidi wake mwingi upo kwenye maneno ya sheria yenyewe. Na hili lina uzito leo, kwa sababu 2022 kwenye kesi ya kocha wa shule ya serikali aliyekuwa anasali uwanjani, Mahakama Kuu ilikiweka pembeni kile kipimo cha kuangalia nia ya sheria na matokeo yake, walichotumia majaji wa kesi hizi mbili kuamua kama serikali imeanzisha dini. Hukumu ya 1987 bado haijatenguliwa, ila mguu mmoja wa kiti umeshatolewa.