Wairishi wanajivunia nini, na wanamhesabu nani?

Mji wa Likasi, kule Katanga, jimbo la kusini mwa Kongo, enzi za Wabelgiji uliitwa Jadotville. Septemba 1961 askari wapatao 155 wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizingirwa hapo na jeshi la Katanga, iliyokuwa imejitangaza kujitenga na Kongo, jeshi lililowazidi mara kadhaa kwa idadi, likiwa na mamluki wa Kizungu ndani yake. Walipigana siku tano. Maji yaliisha, risasi zikaisha, wenzao waliokuja kuwaokoa wakakwama njiani, na kamanda wao, Pat Quinlan, akasalimu amri. Hakufa hata mmoja wa vijana wake. Baada ya kuachiwa kutoka kifungoni walirudi kwao, wakakuta jina la Jadotville limegeuzwa tusi la kuwaita waoga. Medali walikuja kupewa 2017. Quinlan alikuwa ameshazikwa miaka 20.

Sasa rudi nyuma miezi kumi. Novemba 1960, huko Niemba, kaskazini mwa Katanga hiyohiyo, doria ya askari 11 wa Ireland ilishambuliwa na tisa wakauawa. Majeneza yao yalipofika Dublin barabara zilifurika watu, na makaburini Glasnevin wakazikwa kwa heshima za mashujaa. Ni jeshi lilelile na Kongo ileile. Waliokufa wakawa fahari ya taifa, waliopona wakaambiwa wanyamaze.

Ninaanzia Kongo kwa sababu swali la kama Wairishi wanajivunia utaifa wao hujibiwa haraka mno. Tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, miji kutoka Dublin hadi Chicago hujaa rangi ya kijani, na anayetazama kwa mbali husema: hawa wanajipenda. Ni kweli wanajipenda, na kwa maoni yangu wana sababu kuliko mataifa mengi ya Ulaya. Lakini fahari yao ina tabia iliyoonekana wazi pale Katanga: huchagua nani ahesabiwe na nani asubiri nje.

Tuwape haki yao kwanza. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni nane katika kisiwa chote cha Ireland. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ukaanza kuozesha mazao, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini, asubuhi hadi usiku. Katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine milioni moja au zaidi wakapanda meli. Wakati huohuo nafaka na mifugo iliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza, iliyokuwa ikiitawala nchi. Hadi leo, ukijumlisha Jamhuri iliyo huru na Ireland ya Kaskazini iliyobaki chini ya Uingereza, kisiwa hakijafikisha tena idadi ile ya 1841. Sijui taifa lingine la Ulaya lenye jeraha la namna hiyo, na ambalo bado linasimulia habari zake bila kutafuta wa kumlipizia kisasi. Mwaka 1847 Wachoctaw, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wamefukuzwa kwenye ardhi yao miaka michache tu nyuma, walichanga fedha kuwasaidia Wairishi wenye njaa. Mwaka 2020, korona ilipowabana Wanavajo na Wahopi, wenyeji wengine wa asili wa Marekani, Wairishi wengi walichanga kwa kuukumbuka mchango ule. Kumbukumbu ya aina hiyo inastahili kujivuniwa.

Afrika Mashariki tunawajua kwa njia nyingine. Kwa wengi wetu Mwairishi wa kwanza kumwona alikuwa padre au sista mwenye chaki mkononi. Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921, na Wangari Maathai alipita katika shule yao ya Limuru. Bradha Colm O'Connell alikwenda Iten mwaka 1976 kufundisha katika shule ya Mtakatifu Patrick, akabaki huko, na mikononi mwake akapita David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 London mwaka 2012. Wanajeshi wa Ireland nao hawajakosekana katika kazi ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa tangu 1958. Mtu akijivunia nchi yake kwa mambo hayo, atakayemlaumu ni nani?

Kuna siku moja ambayo kwangu ni kilele cha fahari hiyo. Novemba 1920, wakati wa vita vya uhuru, vikosi vya Uingereza viliingia uwanja wa Croke Park mjini Dublin katikati ya mechi, vikafyatua risasi na kuua watu 14, akiwemo mchezaji mmoja. Uwanja huo ni wa chama cha michezo ya asili kilichoanzishwa 1884, na kwa miaka mingi michezo kama raga na soka, iliyoonekana kuwa ya Waingereza, haikuruhusiwa humo. Februari 2007 timu ya raga ya Uingereza ilikuja kucheza palepale. Watu walijiuliza nini kitatokea wimbo wa malkia ukipigwa. Wimbo ulipigwa, umati wa zaidi ya watu 80,000 ukatulia kwa heshima, kisha Ireland ikashinda 43 kwa 13. Wachezaji wengine walionekana wakilia kabla mpira haujarushwa.

Wanaotilia shaka fahari hii nao wana hoja nzito. Ya kwanza ni kwamba hadithi ya Mwairishi kama mtawaliwa tu haijakamilika. Vijana wa Kiirishi walijaa katika jeshi la ufalme wa Uingereza, na Michael O'Dwyer, gavana wa Punjab, India, wakati askari wa Uingereza walipowaua raia kwa mamia mjini Amritsar mwaka 1919, alizaliwa Tipperary. Upande wa pili wa mizani yuko Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, ambaye ripoti yake ya 1904 ilifichua ukatili wa utawala wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, juu ya watu wa Kongo. Uingereza ilimpa cheo cha heshima, kisha ikamnyonga Agosti 1916 kwa kushirikiana na waasi wa Ireland. Wote wawili ni watoto wa kisiwa kimoja. Huwezi kumkumbatia Casement ukasema O'Dwyer hakuwa wenu.

Hoja ya pili inauma zaidi, kwa sababu haihusu wageni. Huko Tuam, kaunti ya Galway, kulikuwa na nyumba walikopelekwa wasichana waliopata mimba nje ya ndoa. Iliendeshwa na masista kuanzia 1925 hadi 1961. Catherine Corless, mwanahistoria wa eneo hilo, alitaka kujua watoto waliofia mle walizikwa wapi. Aliomba vyeti vya vifo, akavilipia kimoja baada ya kingine kwa pesa yake, jina baada ya jina, hadi yakafika 796. Makaburi hayakuonekana. Mwaka 2017 wachunguzi wakathibitisha kuwepo kwa mabaki ya watoto ndani ya vyumba vya chini ya ardhi, katika eneo lenye mabaki ya mfumo wa zamani wa maji taka. Tume ya serikali ikaripoti Januari 2021 kwamba katika nyumba 18 za aina hiyo nchini walikufa watoto wapatao 9,000. Kazi ya kuwafukua wale wa Tuam imeanza 2025.

Na miaka hiyo yote taifa lilikuwa huru. Tangazo la uhuru lililosomwa mbele ya posta kuu ya Dublin mwaka 1916 liliahidi kuwathamini watoto wote wa taifa sawasawa. Kila Mwairishi anayajua maneno hayo. Kuna wanaosema Tuam imeyafuta. Mimi naona kinyume: bila ahadi ile Corless asingekuwa na mahali pa kusimama akidai majina yale 796. Alichokifanya mama huyu ni uzalendo mkubwa kuliko gwaride lolote, ingawa mwanzoni wapo waliomwona anachafua jina la mji.

Lugha nitaigusa kwa kifupi tu, maana sisi tunaotumia Kiswahili tangu sokoni hadi bungeni ni rahisi kuwa wakali. Katika sensa ya 2022 watu takriban milioni 1.9 walisema wanakijua Kiirishi. Wanaokitumia kila siku nje ya shule hawakufika 72,000. Mtu anaweza kusema hiyo ni fahari ya mdomoni. Lakini lugha iliyofukuzwa madarasani na kuachwa na waliokimbia njaa hairudi kwa kizazi kimoja, na mimi sina moyo wa kumcheka anayejitahidi kurudisha alichonyang'anywa babu wa babu yake.

Kaskazini mambo ni mazito zaidi. Huko sensa ya 2021 ilionyesha asilimia 31.9 wanajiita Waingereza tu, asilimia 29.1 Wairishi tu, na karibu asilimia 20 watu wa Ireland ya Kaskazini tu. Bendera ya mmoja kwenye nguzo ya taa ni tishio kwa jirani. Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa 1998 ulipata ufumbuzi ambao bado naustaajabia: mzaliwa wa Kaskazini anaweza kuwa Mwairishi, Mwingereza, au vyote viwili, na asiulizwe kwa nini. Watu zaidi ya 3,500 walikuwa wamekufa katika mapigano ya huko kabla ya kufika hapo.

Mkataba huohuo uliandikisha katika katiba kwamba kila anayezaliwa katika kisiwa cha Ireland ana haki ya kuzaliwa ya kuwa sehemu ya taifa la Ireland. Kifungu hicho, cha pili, kipo hadi leo. Lakini Juni 2004 wananchi walipiga kura, na asilimia 79 wakakubali kuongeza maneno kwenye kifungu cha tisa: mtoto anayezaliwa bila mzazi hata mmoja mwenye uraia wa Ireland, au mwenye haki ya kuupata, hana tena uraia wa moja kwa moja. Tangu Januari 2005 uraia wake unategemea wazazi wameishi nchini kihalali muda gani, na miaka ya kusubiri majibu ya maombi ya hifadhi haihesabiwi. Wakati huohuo mjukuu wa mtu aliyezaliwa Ireland, hata kama amezaliwa Boston na hajawahi kukanyaga kisiwa hicho, anaweza kujiandikisha na kupata pasipoti yenye kinubi cha dhahabu.

Waliounga mkono badiliko hilo hawakuwa watu wa chuki wote. Walisema Ireland ilikuwa imebaki peke yake katika Umoja wa Ulaya kutoa uraia kwa kuzaliwa bila sharti, na kwamba wapo waliokuja wakiwa wajawazito kwa ajili hiyo tu. Leo wanaongeza kwamba nyumba hazitoshi, na hilo nalo ni kweli, kodi ya chumba Dublin inamshinda hata mwalimu. Ninaisikia hoja hiyo. Haijanishawishi. Taifa lililoishi kwa kupokewa Liverpool, New York na Sydney lilikuwa na sababu zaidi ya wengine ya kubaki peke yake katika ukarimu.

Tarehe 23 Novemba 2023 mtu mmoja alivamia watoto kwa kisu nje ya shule katikati ya Dublin. Aliyemkabili alikuwa mhamiaji kutoka Brazili anayepeleka chakula kwa pikipiki. Alishuka na kumpiga kwa helmeti yake. Usiku uleule, baada ya kuenea habari kwamba mshambuliaji ni mgeni, umati ulichoma mabasi na tramu kwa jina la kuitetea Ireland. Nani kati yao aliyewathamini watoto wa taifa sawasawa?

Lakini Ireland ni pia nchi iliyojaa furaha 2024 kwa Rhasidat Adeleke, binti aliyezaliwa Dublin kwa wazazi kutoka Nigeria, alipoiletea medali za Ulaya kule Roma na kushika nafasi ya nne katika fainali ya mita 400 ya Olimpiki ya Paris. Leo Varadkar, ambaye baba yake ni daktari kutoka India, aliwahi kuwa waziri mkuu. Hao nao wamehesabiwa, na hakuna aliyelazimishwa kuwashangilia.

Niliwahi kutembelea familia moja ya watu wa Lubumbashi inayoishi kitongoji cha magharibi mwa Dublin. Kijana wao ana miaka 11, kazaliwa hapohapo mjini, wazazi wakiwa bado wanasubiri majibu ya hifadhi. Anacheza hurling, mchezo wa kale wa Wairishi wa fimbo bapa na mpira mdogo. Fimbo yake ameizungushia utepe wa bluu, rangi ya Dublin, na jina lake kaliandika kwa kalamu ya wino karibu na mshikio. “Tonton, angalia,” akaniambia, yaani mjomba kwa Kifaransa, akanionyesha palipopasuka na namna kocha alivyopafunga kwa ukanda wa bati.

Wiki hiyo timu yao ilikuwa inakwenda Armagh, upande wa Kaskazini, kucheza na wenzao. Mpakani hakuna kizuizi wala askari. Unajua umevuka kwa kuona vibao vya barabarani vimebadilika kutoka kilomita kuwa maili. Lakini pasipoti yake ni ya Kongo, maombi yake ya uraia hayajajibiwa, na sheria inamtaka awe na viza ya Uingereza. Kocha alishauri aende tu, hakuna atakayeuliza. Mama yake, aliyekaa miaka mingi akisubiri makaratasi, hakuthubutu.

Basi liliondoka Jumamosi saa moja asubuhi. Saa tatu nilipofika kuaga nilimkuta nyuma ya nyumba amevaa jezi kamili, soksi hadi magotini, anapiga mpira ukutani na kuudaka, anapiga na kuudaka.